Ulipojikwaa na Ulipoangukia

Wahenga walisema: usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Methali hii hutajwa sana mbele ya watu waliopatwa na hasara, na aghalabu hutajwa kwa haraka, kana kwamba maana yake ni nyepesi. Lakini aliyeanguka analijua jambo ambalo mtaja methali hulisahau. Mahali pa kuanguka huonekana, kwa sababu ndipo penye maumivu, vumbi na macho ya watu. Mahali pa kujikwaa hapaonekani, kwa sababu pamekwisha kupitwa. Ukimwambia mtu arudi nyuma kulitafuta jiwe, huna budi kwanza kumweleza kwa nini jiwe haliko pale alipolala yeye.

Insha hii yataka kulitazama jambo hilo katika kazi moja ya zama zetu, nayo ni kazi ya kujifunza lugha mpya ya kompyuta. Katika kazi hiyo mwanafunzi huambiwa kwamba amekosa mara nyingi kwa siku moja, na huambiwa na kitu kisicho na hasira wala huruma. Swali lenyewe ni hili: mtu akionyeshwa kosa mahali ambapo hakukosea, je, aliyemwonyesha amesema uongo? Na kama hakusema uongo, mwenye kuonya anadaiwa nini, na mwenye kuonywa anadaiwa nini?

Kompyuta haijui lugha ya mwanadamu yeyote. Hujua amri fupi za tarakimu tu. Katika miaka ya mwanzo watu waliziandika amri hizo moja moja, kazi yenye uchovu mwingi na makosa mengi. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa A-0, ambayo ilizikusanya amri zilizokwisha kuandikwa na kuziunga ziwe programu moja. Na kwa sababu ya ukusanyaji huo ikaitwa kompaila, yaani mkusanyaji. Mwaka 1957 kundi lililoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya lugha ya Fortran. Tangu hapo mtu aliweza kuandika mlinganyo kwa sura inayokaribia ile aliyofundishwa katika hisabati, na mashine ikaufasiri yenyewe. Jina la mkusanyaji limebaki, ingawa kazi imekuwa ya ukalimani.

Mkalimani huyu ana tabia ya peke yake. Mkalimani wa kibinadamu akisikia neno lililokosewa, huutazama uso wa msemaji, hukumbuka mazungumzo ya jana, hulisitiri kosa na kuendelea. Kompaila haina uso wa kuutazama wala jana ya kuikumbuka. Inayo sarufi, na sarufi hiyo imeandikwa yote tangu mwanzo hata mwisho; maandishi yaliyo mbele yake ama yamo ndani ya sarufi, ama yamo nje. Yakiwa nje, kompaila hukataa, nayo hutoa taarifa yenye namba ya mstari na maneno machache ya kueleza sababu. Taarifa hizo ndizo zinazomchanganya mwanafunzi, na ndizo zilizonifanya niandike.

Nakumbuka jioni moja katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, ambako nilikuwa nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kijana mmoja alikuwa amebaki peke yake. Alikuwa amezoea kidogo lugha ya Python, na sasa alikuwa akijifunza lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani katika miaka ya mwanzo ya 1970.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujaenda kula?"

"Nimeandika mistari sitini, mwalimu, na nimekosa mara thelathini na saba. Labda kazi hii haikuandikwa kwa watu kama mimi."

Niliketi karibu naye, nikamwomba anionyeshe kosa la kwanza. Kompaila iliushitaki mstari wa 17. Nikausoma mstari wa 17, ukawa safi. Kijana alikuwa ameusoma mara nyingi kuliko mimi. Alikuwa ameufuta akauandika upya, akabadilisha jina moja, akaongeza mabano ambayo hayakuhitajiwa. Kwa kuutibu mstari usiougua alikuwa ameutia ugonjwa.

Katika lugha ya C, amri zinazokwenda pamoja huzungushiwa mabano yaliyopinda, moja la kufungua na moja la kufunga, mfano wa ua uliozunguka nyumba. Programu yake nzima ilikuwa na ua wake, na ndani yake mlikuwa na ua mdogo wa amri za kurudiwarudiwa. Katika mstari wa 13 alisahau kufungua ua mdogo, na katika mstari wa 16 akaufunga kama ilivyompasa. Katika lugha aliyoizoea mistari iliyosogezwa ndani hujulikana kwa kusogezwa kwake tu, na haina haja ya ua. Kompaila ilipofika mstari wa 13 haikuona kosa, kwa kuwa C huruhusu amri moja irudiwe bila mabano. Ilipofika mstari wa 16 ikaona bano la kufunga, na kwa kuwa hapakuwa na ua mwingine uliofunguliwa ila ule mkubwa, ikaufunga ule mkubwa. Mstari wa 17 ukajikuta uko nje, na kila mstari uliofuata ukabisha mlango kwa zamu yake, na kila ubishaji ukahesabiwa kuwa ni kosa. Tuliyaondoa aliyoyaongeza kwa wasiwasi, tukatia alama moja katika mstari wa 13, na makosa yote 37 yakatoweka.

Kijana alicheka, kisha akakasirika. "Kwa nini isiseme kumi na tatu? Kwa nini inidanganye?"

Shitaka lake lilikuwa zito, na halistahili kujibiwa kwa kucheka. Ili kulijibu yatupasa kwanza kuuliza kusoma ni nini, na hapa lugha yetu yenyewe yaweza kutufundisha. Sikiliza sentensi hii: kikombe jana usiku vilivunjika. Sikio la Mswahili hushtuka kwenye neno la mwisho. Mpaka hapo halikuwa na shaka; maneno "kikombe jana usiku" yangeweza kuwa mwanzo wa sentensi nyingi njema. Lakini kosa liko wapi? Kama msemaji alikusudia kikombe kimoja, basi amekosea katika kitenzi. Kama alikusudia vikombe vitatu, kitenzi hakina hatia. Kosa liko katika neno la kwanza, lile ambalo sikio lililipokea kwa amani. Msikilizaji ajuaye kwamba mezani vilikuwako vikombe vitatu atalitambua jiwe mara moja. Asiyejua ana hakika ya jambo moja tu, kwamba hapa maneno hayapatani tena. Amejua ni wakati gani, hakujua ni mahali gani.

Kompaila ni msikilizaji asiyekuwapo mezani. Mwaka 1965 Donald Knuth alichapisha uchunguzi wake juu ya namna ya kuzifasiri lugha za kompyuta kwa kuzisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Msomaji wa namna aliyoieleza ana sifa njema sana: hushtuka kwenye neno la kwanza kabisa ambalo, likiongezwa juu ya yaliyotangulia, hakuna programu halali iwezayo kuanza hivyo. Hawahi wala hachelewi. Lakini sifa hiyo ni sifa ya kushtuka. Haikuahidi kamwe kulionyesha jiwe. Kila kilichotangulia neno lile chaweza kuwa mwanzo wa programu halali, ingawa si ile uliyoikusudia. Mistari 16 ya kijana yule ilikuwa mwanzo mwema wa programu nyingine, programu fupi ambayo yeye hakuitaka. Kompaila haikuwa na njia ya kujua kwamba hakuitaka.

Kwa hiyo katika makosa ya sarufi twaweza kupata kanuni ya kwanza, iliyo ndogo na yenye faida kubwa: jiwe liko mahali ulipoonyeshwa au nyuma yake. Ukiukuta mstari ulioshitakiwa kuwa ni safi, usiupake matope; panda juu, mstari kwa mstari, ukiuliza kila kilichofunguliwa kama kimefungwa, na kila kilichofungwa kama kilifunguliwa.

Sasa twaweza kumjibu kijana. Mashine haikudanganya, kwa kuwa mwongo ni yule asemaye kinyume cha ajuacho, na mashine ilisema yote iliyoyajua. Kijana alikosea katika kuipa cheo. Aliifanya hakimu, nayo ilikuwa shahidi tu. Hakimu hutamka ni nani mwenye hatia. Shahidi husema nilikuwa nimesimama hapa, nikaona hiki. Ushahidi wa kweli waweza kumpoteza asiyeuliza shahidi alisimama wapi. Hata maneno ya taarifa hizo, ukiyasikiliza vizuri, ni maneno ya shahidi. Kompaila husema: nilitarajia alama hii kabla ya ile, au, neno hili sikulitarajia hapa. Hiyo ni habari ya matarajio yake yaliyovunjika. Anayeisoma taarifa kama habari za matarajio huuliza, "Kwa nini ilikuwa ikitarajia hivyo? Ilidhani iko wapi?" Na mara auulizapo hivyo, huwa amekwisha kuanza kurudi alikotoka.

Lakini yako bado yale makosa 36 mengine, ambayo hayakuwa makosa. Asili yake ni ya zamani. Katika miaka ya 1960 mwandishi wa programu alitoboa kadi, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, akangoja saa nyingi, pengine hata kesho yake, ndipo alipopata jibu. Kumwambia mtu huyo kosa moja tu kwa siku kungekuwa ukatili. Kwa hiyo watengenezaji waliifundisha kompaila kwamba ikishtuka isikome. Iruke maneno mpaka ikutane na alama ya kutulia, kama nukta mkato, kisha iendelee kusoma kana kwamba hapakutokea neno. Mahali pa kutulia pakichaguliwa vizuri, mtu hupata makosa yake matatu ya kweli kwa safari moja. Pakichaguliwa vibaya, walio safi hushitakiwa. Kompaila nyingine zilishika njia ya pili. Turbo Pascal, iliyotoka mwaka 1983 wakati mtu alikuwa amekwisha kupata mashine yake mezani, ilisimama kwenye kosa la kwanza na kukupeleka hapo hapo. Basi kanuni ya pili ni hii: liamini shitaka la kwanza, lishuku la pili, na ukilirekebisha la kwanza uliza upya kabla hujagusa jingine.

Kanuni hii yafaa hata mbali na kompyuta. Mtoto ambaye mto umemzuia asifike shule kwa wakati huandikiwa kuchelewa. Kwa kuchelewa hukosa somo. Kwa kukosa somo hushindwa kazi aliyopewa. Kwa kushindwa huona haya na kukaa kimya anapoulizwa. Jioni daftari lina makosa manne: mchelewaji, mzembe, mjinga, jeuri. Mwalimu mwenye orodha hiyo hana uongo mkononi mwake, kila neno aliliona kwa macho. Lakini orodha ndefu iliyotoka katika chanzo kimoja si sawa na maovu mengi, na anayeadhibu kwa kuhesabu mistari ya orodha huuacha mto ukiendelea kufurika.

Mpinzani aweza kusema kwamba naikuza hadithi ndogo. Kwamba haya ni mambo ya ufundi, na fundi atayajua kwa mazoea. Ni kweli kwamba fundi huyajua. Lakini mimi nawafikiria wale wasiofikia ufundi. Maneno ya kijana yule, kwamba kazi ile haikuandikwa kwa watu kama yeye, hayakuwa maneno juu ya mabano. Yalikuwa hukumu aliyojitolea mwenyewe kwa ushahidi alioupokea vibaya, na kama asingekuwako mtu wa kuketi naye, huenda angeitii. Mtu aweza kuiacha elimu kwa sababu ya alama moja iliyosahauliwa, naye akaondoka akiamini kwamba ameiacha kwa sababu ya akili yake. Palipo na hasara ya namna hiyo, swali limekwisha kuwa la maadili.

Hapo ndipo deni la mwenye kuonya linapoanza. Mashine haina dhamiri, lakini iliandikwa na watu wenye dhamiri, na watu hao walichagua maneno yake. Mfano mwema ni Python. Kwa miaka mingi mtu akisahau kufunga mabano katika lugha hiyo, aliambiwa kwamba sintaksia ni batili, na kidole kikaelekezwa mstari uliofuata. Taarifa ilikuwa ya kweli, na kwa mwanafunzi ilikuwa kama kuambiwa "umekosa" na mtu anayetazama pengine. Toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, lilibadilisha desturi hiyo: sasa lugha husema kwamba bano hili halikufungwa kamwe, na huonyesha lile bano la kufungua lenyewe. Sarufi ya mabano haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walikaa wakajiuliza mwanafunzi anakosea wapi kwa desturi, na mashine ikafundishwa kutaja pia mahali pa kujikwaa. Ikiwa jambo hilo liliwezekana mwaka 2021, basi ukavu wa taarifa za awali haukuwa wote ni sheria ya maumbile. Sehemu yake ilikuwa ni mazoea ya mafundi waliosahau uanafunzi wao.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili twajua tabaka nyingine ya deni hilo. Taarifa hizo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, tena kwa Kiingereza kilichokatwa kikawa kifupi kama simu ya upepo. Mwanafunzi wa kwetu hana budi kufasiri mara mbili: kwanza maneno yenyewe, kisha ukalimani wa mashine. Nimewaona wengi wakiuruka ujumbe wote na kuisoma namba ya mstari tu, kwa kuwa namba haihitaji kamusi. Na namba, kama tulivyoona, ndiyo sehemu ya ushahidi iwezayo kupoteza kuliko zote. Wenye kufundisha elimu hii hawafanyi ziada wakiketi na kuzieleza taarifa hizo kwa Kiswahili safi. Wanalipa deni.

Yamkini msomaji atauliza: kama mashine yaweza kufundishwa mahali pa kujikwaa, kwa nini isifundishwe kusahihisha yenyewe na kutuacha tuendelee? Jambo hilo lilijaribiwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani kilikuwa na kompaila ya wanafunzi iliyoitwa PL/C, ambayo ilipokuta kosa ililikarabati kwa kukisia, ikamwonyesha mwandishi ilichokikisia, ikaendelea. Nia ilikuwa njema, na kule kumwonyesha kulikuwa ni uaminifu. Lakini tazama ukisiaji unapofanywa bila kusema. Katika JavaScript, lugha ya mwaka 1995, mtu akisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari lugha mara nyingi humtilia. Ukiandika amri ya kurudisha jibu, kisha jibu lenyewe ukaliweka mstari wa chini yake, lugha hutia nukta mkato baada ya ile amri. Jibu lako huachwa, na hakuna shitaka lolote. Umesaidiwa mpaka umepotea. Anayekisia nia yako akanyamaza amejipa haki ya kusema kwa kinywa chako.

Na ukimya wa aina hiyo una hatari kuliko makelele yote 37. Katika Fortran ya zamani nafasi kati ya maneno hazikuhesabiwa, na jina jipya liliweza kutumiwa bila kutangazwa. Mtu aliyeandika DO 10 I = 1,10 aliamuru kazi irudiwe mara kumi. Mtu ambaye kidole chake kilitia nukta mahali pa mkato, akaandika DO 10 I = 1.10, hakupewa onyo. Kompaila iliunganisha herufi ikapata jina DO10I, ikaliwekea thamani ya moja na sehemu kumi za mia, ikaendelea kwa furaha. Kadhalika mtu aliyelelewa katika lugha ya Pascal, ambako alama moja ya usawa huuliza kama vitu viwili ni sawa, akihamia C huikuta alama ile ile ikiwa ni amri ya kuweka thamani. Akiandika swali kwa desturi ya kwao, C hulipokea kama amri, na sarufi haioni kosa ndani yake. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Lakini mgeni hajui ni jicho lipi la kufumba mpaka ajigonge, na mlango ulio mpana mno haumgongi mtu.

Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha kosa la namna hii katika programu iliyolinda mawasiliano ya simu na kompyuta zake. Mstari mmoja wa kuruka mbele ulikuwa umeandikwa mara mbili. Wa kwanza ulitegemea sharti. Wa pili, ingawa ulisogezwa ndani kana kwamba nao umo chini ya sharti hilo, haukuwa na ua wa kuutia humo, basi ulitekelezwa daima. Uhakiki wa saini uliokuwa mbele yake ukarukwa, na mwovu aliyekaa kati ya watu wawili aliweza kujifanya ni yule asiyekuwa. Mabano yale yale yaliyomliza mwanafunzi wetu yalikosekana kwa mafundi waliobobea, na safari hii kompaila haikupiga kelele, kwa sababu maandishi yalikuwa ndani ya sarufi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyekubaliwa na sarufi hajathibitishwa na ukweli. Ameruhusiwa kusema tu.

Basi mwenye kuonywa anadaiwa nini? Kwanza, asipokee ushahidi kama hukumu. Taarifa ya kosa inahusu maandishi yake, nayo haina habari yoyote juu ya thamani yake. Pili, asiupokee kama matusi, akaikasirikia mashine na kubahatisha mpaka inyamaze; kwa maana mashine hunyamaza kwa njia mbili, kwa kosa kuondoka na kwa kosa kujificha, na anayetafuta kimya tu hatajua amepata kipi. Tatu, na hili ndilo gumu, akubali kwamba nia yake haikuonekana. Kila mmoja wetu huisoma kazi yake kwa macho ya yale aliyokusudia, na macho hayo hulijaza pengo lililo wazi. Kijana yule aliupita mstari wa 13 mara nyingi, na kila mara alisoma bano ambalo halikuwako, kwa sababu lilikuwako moyoni mwake. Msomaji asiye na huruma alikuwa wa kwanza kumwonyesha tofauti kati ya alichokisema na alichotaka kusema. Huo ni utumishi adimu. Marafiki zetu hawautendi, kwa kuwa wanatupenda na kutufahamu nusu njiani.

Kwa ajili hiyo sikubali kwamba ubaridi wa kompaila ni upungufu mtupu. Mbele yake mtu aweza kukosa mara mia bila kupungukiwa heshima, naye haandikiwi deni la jana. Akirekebisha, hupokelewa kana kwamba hakukosa kamwe. Wako watu wachache wawezao kusamehe hivyo. Lakini ubaridi huo hutoa ushahidi tu, hauwezi kumfundisha mtu kuupima. Kazi hiyo imebaki kwetu, walio tangulia kuanguka mahali pale pale.

Majuma machache baadaye nilipita tena katika chumba kile. Kijana alikuwa ameinama karibu na mwenzake mmoja, binti aliyekuwa karibu kulia mbele ya orodha ndefu. Sikusikia yote waliyosema. Nilimsikia akimwuliza la kwanza ni mstari wa ngapi, kisha nikauona mkono wake ukiliacha lile jibu mahali lilipo, na kuanza kupanda juu polepole, mstari kwa mstari.